Mlango Uliohitaji Mafuta

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii husemwa na wazee kwa ajili ya vijana, na husemwa kwa haki, maana mtoto aliyefundishwa mapema ana wepesi wa akili ambao mtu mzima huutafuta kwa jasho. Lakini kila methali ina kivuli chake. Methali hiyo hiyo ikitamkwa mbele ya mtu wa miaka hamsini aliyeshika kitabu, hugeuka kuwa hukumu. Humwambia: wewe umekwisha kukauka, ukikunjwa utavunjika.

Hata hivyo watu wazima wanaojiandikisha katika vyuo vikuu ni wengi. Wako wasomao jioni baada ya kazi, na wako wasomao usiku watoto walalapo. Walimu wengi wa shule zetu za msingi walipata shahada zao kwa kwenda chuoni wakati wa likizo, wanafunzi wao walipokuwa wakicheza nyumbani. Jamii huwapokea watu hawa kwa moja ya njia mbili: baadhi huwacheka, na wengine huwapigia makofi. Njia ya kwanza ni ufidhuli, na ya pili ni adabu. Lakini zote mbili zina kosa moja. Zatazama mvi za mwanafunzi na kukisahau kitabu alichokishika.

Makusudi ya insha hii ni kuupima mchezo mmoja wa kuigiza ambao, kwa maoni yangu, umeliepuka kosa hilo vizuri kuliko kazi nyingine nizijuazo, ingawa nao una upungufu wake. Mchezo huo waitwa Educating Rita, yaani Kumsomesha Rita. Uliandikwa na Willy Russell, Mwingereza, ukachezwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1980. Mwaka 1983 ulifanywa sinema. Mtungaji aliandika jambo alilolijua. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akafanya kazi ya kutengeneza nywele za wanawake, kisha akarudi masomoni akiwa mtu mzima na kuwa mwalimu. Basi si ajabu kwamba Rita, shujaa wa mchezo wake, ni mtengenezaji wa nywele.

Ili mchezo ueleweke, yafaa kukijua chuo kinachotajwa ndani yake. Mwaka 1969 Uingereza ilianzisha Open University, yaani chuo kikuu huria, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1971. Mtu hakudaiwa cheti cha shule ili aingie. Masomo yalimfuata nyumbani kwa posta, kwa redio na kwa televisheni, na mara kwa mara alikutana na mwalimu wa kumwongoza. Mfano huo ulienea mbali. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria chake kwa sheria ya mwaka 1992, na Kenya ikakipa chuo kikuu huria chake hati ya kufanya kazi mwaka 2023. Kwa hiyo mlango anaoubisha Rita si wa Waingereza peke yao. Umekwisha kufika kwetu.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Wahusika ni wawili tu, na mahali ni pamoja tu, chumba cha mwalimu katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini ya Uingereza. Mwalimu ni Frank, mtunzi wa mashairi aliyeacha kutunga, mlevi afichaye chupa zake nyuma ya vitabu. Amekubali kumfundisha mwanafunzi wa chuo kikuu huria kwa sababu pombe yataka fedha. Mwanafunzi ni Rita, mwanamke wa miaka 26, mwenye mume na kazi. Hana mtoto, na mumewe anataka azae. Yeye ataka kwanza kujijua mwenyewe. Mumewe agunduapo kwamba mkewe amekuwa akimeza dawa za kuzuia mimba kwa siri, achoma vitabu vyake na karatasi zake. Ndoa yavunjika. Rita aendelea kusoma, abadilika, ampita mwalimu wake kwa bidii, na mwisho afaulu mtihani. Frank, kwa ulevi wake, apelekwa Australia. Pazia hufungwa Rita akianza kumkata nywele.

Sifa ya kwanza ya mchezo huu ni kwamba Rita si kioja. Mtungaji hatuombi tumstaajabie kwa kuthubutu kusoma; atupa nafasi ya kumsikia akifikiri. Tazama habari ya Peer Gynt. Huu ni mchezo wa Henrik Ibsen wa Norway, uliotolewa mwaka 1867 ukiwa kitabu cha kusomwa kabla ya kupandishwa jukwaani. Ndani yake watu hupita milimani, jangwani na baharini, hata mwenye jukwaa la mbao hushindwa kujua aanzie wapi. Frank amwuliza Rita namna ya kuyashinda matatizo ya kuuonyesha mchezo kama huo. Rita aandika jibu la sentensi moja tu, kwamba mchezo utolewe redioni.

Wasikilizaji hucheka, na haki yao kucheka. Lakini tupime jibu lenyewe. Je, ni la mjinga? Redioni hapana mlima wa kubeba wala bahari ya kumimina. Sikio hujenga lenyewe kila kitu. Mtu aliyekaa miaka mingi kazini huzoea kutafuta njia fupi ya kumaliza taabu, na Rita ameiona. Kosa lake si upungufu wa akili. Kosa ni kwamba hajui desturi ya nyumba aliyoingia: katika mtihani wa chuo haitoshi kuwa na jibu, sharti uonyeshe njia uliyoifuata kulifikia. Hapa mtungaji amegusa jambo ambalo kila mwalimu wa watu wazima hulijua. Mwanafunzi mzima haji mikono mitupu. Huja na mzigo wa maarifa, ila mzigo huo umefungwa kwa kamba ambazo chuo hakizijui. Kazi ya mwalimu si kuutupa mzigo. Ni kusaidia kuufungua.

Swali lile hurudi katika mtihani wa mwisho. Rita alitazama, akalikumbuka jibu lake la zamani, akafikiri kuliandika tena. Kisha akaamua kujibu kwa urefu, kama chuo kitakavyo. Msomaji asipite hapa kwa haraka, kwa maana huu ndio moyo wa mchezo. Tofauti kati ya Rita wa mwanzo na Rita wa mwisho si kwamba wa mwanzo alikosea na wa mwisho amepata. Wa mwanzo alikuwa na jibu moja tu; wa mwisho ana mawili, naye ndiye anayechagua. Mtu asiyesoma aweza kuwa na akili kuliko msomi, lakini mara nyingi ulimwengu umemchagulia. Elimu ya utu uzima hairudishi ujana wala haiondoi makunyanzi. Huleta nafasi ya kuchagua, tena mahali ambapo mtu alidhani uchaguzi umekwisha kupita.

Sifa ya pili ni kwamba mtungaji hafichi gharama. Vitabu vingi juu ya elimu husema kwamba asomaye hupanda ngazi, lakini havisemi ni nani aachwaye chini ya ngazi. Rita aalikwa nyumbani kwa Frank kula chakula cha usiku. Anunua divai, afika, achungulia dirishani, awaona wageni wakizungumza, aona aibu kwa chupa yake, arudi. Aenda kilabuni walipo mumewe na mama yake, awakuta wakiimba. Katikati ya wimbo mama yake aacha kuimba na kulia, kwa kuwa amehisi kwamba duniani sharti ziwepo nyimbo bora kuliko zile. Hivyo Rita amesimama njiani, nyuma hapakaliki na mbele hapajafunguka. Nimesoma vitabu vingi juu ya faida za elimu, lakini sikumbuki kimoja kilichoonyesha upweke huo kwa uwazi kama kisa hiki cha chupa moja ya divai.

Kwetu wako watakaosema upesi: mwacha asili ni mtumwa. Mchezo hauikatai methali hiyo. Huipa nafasi ya kusema. Rita arudi kutoka masomo ya kiangazi mjini London akiwa na mavazi mapya na rafiki wapya, na baadaye hata sauti mpya, sauti ya kuazima ambayo Frank hawezi kuivumilia. Amsifu mno Trish, msichana anayeishi naye, kwa sababu ya maneno yake mazuri na maarifa yake ya muziki na vitabu. Kisha siku moja Trish ajaribu kujiua. Ndipo Rita atambuapo kwamba nyimbo bora peke yake hazimtoshi mtu. Aliyetoka katika utumwa wa kutojua alikuwa karibu kuingia katika utumwa wa kuiga. Aliokoka kwa kuwa aliona hatari zote mbili. Basi mchezo wajibu methali kwa adabu: kweli mwacha asili ni mtumwa, lakini asiyeruhusiwa kuitazama asili yake kutoka nje hawezi kujua kama ameishika au imemshika.

Nimeusifu mchezo, sasa yanipasa kusema upungufu wake. Kwanza, mume wa Rita hana mdomo. Watazamaji hawamwoni wala hawamsikii. Wasikia tu kwamba amechoma vitabu. Kuchoma vitabu ni ubaya mtupu, wala simtetei. Lakini nyuma ya kiberiti chake ilikuwapo hofu, hofu ya mtu anayemwona mwenzake akienda mahali asipoweza kumfuata. Hofu hiyo imo katika nyumba nyingi ambazo hazichomi chochote. Mtungaji aliyechagua kuweka watu wawili tu jukwaani amepata nguvu ya maneno, lakini amepoteza haki ya wasiokuwapo.

Pili, Rita ana miaka 26, hana mtoto wala mzee wa kumtunza. Huyo ni mtu mzima, lakini si mtu wa makamo. Siku ya kuchagua, hesabu yake ni ya mtu mmoja. Mzazi wa kwetu arudiye masomoni katika miaka ya hamsini hana hesabu nyepesi kama hiyo. Shilingi atakayoilipa chuoni yatoka katika mfuko ule ule ulipao karo ya mwanawe wa sekondari. Akisoma usiku, yuko mtu aliyepika peke yake. Hili si swali la kuchekwa wala la kupigiwa makofi. Ni swali la haki ndani ya nyumba, na mchezo wa Russell hauna jibu lake kwa sababu haukuliuliza.

Liko swali hilo, kwa umbo jingine, katika sinema inayotuhusu sisi wenyewe. Tarehe 12 Januari 2004 mzee Kimani Maruge, aliyesema kwamba ana miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa ada katika shule za msingi. Alitaka, pamoja na mambo mengine, kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alikwenda New York kusema juu ya elimu katika Umoja wa Mataifa. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa kwake, naye akaendelea na masomo Nairobi mpaka ugonjwa ulipomshinda. Alifariki Agosti 2009. Mwaka uliofuata ilitoka sinema ya maisha yake, The First Grader, iliyoongozwa na Justin Chadwick, na mzee akaigizwa na Oliver Litondo, Mkenya mwenzetu.

Najua darasa la kwanza si chuo kikuu. Lakini mwenye kusoma herufi katika uzee na mwenye kusoma falsafa katika uzee wabisha mlango wa namna moja, na sinema hii ina lile ambalo mchezo wa Rita hauna: majirani. Wazazi wa watoto wanung'unika kwamba mzee anachukua nafasi ya mtoto. Manung'uniko hayo si ya kijinga yote, maana madawati yalikuwa machache. Sinema yatuonyesha kwamba elimu ya mtu mzima si jambo lake peke yake. Kijiji kizima chaingizwa katika hesabu.

Hata hivyo, sinema hii yaanguka pale mchezo wa Russell unaposimama. Kamera yapenda kumtazama mzee mrefu aliyevaa kaptura na soksi, amekaa kati ya watoto wadogo. Picha hiyo yavuta machozi. Lakini mara chache twaachwa peke yetu na fikira za mwanafunzi mbele ya ukurasa. Twajua alivyoteseka katika vita vya uhuru, twajua ushupavu wake, twajua umri wake. Ni machache mno tuyajuayo juu ya yale aliyoyafikiri alipoanza kusoma. Tunamheshimu Maruge wa sinema, lakini hatubishani naye. Na mwanafunzi ambaye hakuna abishanaye naye bado hajapokewa darasani.

Magazeti ya dunia yana tabia iyo hiyo. Julai 2020 Giuseppe Paternò, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1923, alipata shahada ya historia na falsafa katika Chuo Kikuu cha Palermo akiwa na miaka 96. Aliwahi kuwa baharia wa vita na mfanyakazi wa reli. Kazi zake za chuo aliziandika kwa taipureta ya zamani, zawadi ya mama yake. Alimaliza kwa sifa ya juu, na mwaka 2022, akiwa na miaka 98, akapata shahada nyingine. Dunia nzima iliupokea umri wake na ile taipureta. Lakini mtu huyu alizaliwa katika Italia ya Mussolini, alipita katika vita, kisha akakaa miaka mitatu akichunguza historia na falsafa. Aliona nini alipoyasoma katika kitabu mambo aliyoyaishi? Swali hilo lina thamani kuliko idadi ya miaka yake, nalo ndilo tulilopaswa kuliuliza kwanza.

Sasa turudi kwa mzazi wetu na mfuko wake mmoja. Simwambii akate karo ya mwanawe ili avae joho. Ajaye kuomba shahada kwa fahari ya jina tu, na watoto wake wamefukuzwa shule, amekosa. Lakini wako wengi ambao walitoa ujana wao wawasomeshe wadogo zao, kisha watoto wao, na sasa, nyumba ikiisha kutulia, waambiwa kwamba wakati wao umepita. Huo ni udhalimu uliovikwa nguo ya busara. Mtu aliyekuwa ngazi ya wengine kwa miaka thelathini ana haki ya kupanda hatua mbili tatu mwenyewe. Na jamaa wanaompenda wasingoje siku ya joho kumpigia vigelegele. Wampe saa moja ya utulivu kila usiku. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko shada la maua.

Nimebakiza jambo moja dogo katika mchezo wa Rita, nami nimeliweka mwisho makusudi. Siku ya kwanza Rita ashindwa kuingia chumbani mwa Frank kwa sababu kitasa cha mlango ni kigumu. Mwalimu amwita tu aingie, maana yeye amekwisha kuzoea mlango ule. Siku ya pili Frank afungua mlango, amkuta Rita amesimama nje na kikopo cha mafuta, akikilainisha kitasa.

Miaka mingi wasomi walikuwa wakiingia na kutoka, wala hapana aliyefikiri kuleta mafuta. Mtengenezaji wa nywele alifikiri siku moja tu. Ndiyo faida ambayo watu wazima huviletea vyuo, nasi huizungumza kwa nadra. Twauliza mara nyingi chuo kitamfaa nini mzee. Hatuulizi mzee atakifaa nini chuo. Yeye ameona kazi, madeni, ndoa na misiba. Aonapo mlango uliokwama hajui bado kwamba desturi ni kuusukuma tu.

Wewe kijana usomaye insha hii, yamkini utaingia chuo kikuu baada ya miaka michache, na yamkini utamkuta kwenye kiti cha jirani mtu wa umri wa mama yako. Mwamkie kwa heshima ipasayo umri wake, kwa kuwa hiyo ni adabu yetu. Lakini ukiisha kumwamkia, usimwulize ana miaka mingapi wala kwa nini amechelewa. Mwulize anasoma nini, na anaonaje. Kisha mkibishana, bishana naye kwa haki, kama ubishanavyo na mwanafunzi mwenzako. Maana ndivyo alivyo.